Umefunguliwa Kisera

Kitabu cha kumuaga Mgeni Rasmi kilifika kiwandani Jumatatu asubuhi, mswada wake umefungwa utepe kama zawadi ya harusi. Mama Nukta aliupima kwa mkono mmoja tu akajua kwamba ameletewa uongo wa kilo mbili na nusu.

Mama Nukta ni jina alilopewa na wenzake katika kiwanda cha uchapaji cha serikali, ambako alikuwa amesahihisha prufu, zile karatasi za majaribio kabla ya kuchapa, kwa miaka ishirini na tisa. Mgeni Rasmi naye alikuwa mkuu wa nchi mwenyewe. Wananchi walimpa jina hilo kwa sababu kila walipowasha redio walimsikia akiwa mgeni rasmi wa fulani katika nchi fulani. Hata siku chache alizokuwa nyumbani aliishi kama mgeni, hajui barabara gani ina mashimo wala hospitali gani haina dawa. Kiguu na njia wa watu. Sasa miaka yake kumi ilikuwa inakwisha, na kabla hajaondoka alitaka historia imwandikie cheti. Historia ilikuwa na shughuli nyingine, kwa hiyo kazi hiyo ikapewa wizara ya mambo ya nje.

Mswada uliletwa na ofisa wa wizara hiyo, mtu wa makamo ambaye kiwandani walimwita Bwana Tai, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuiona shingo yake. Alisema kitabu kitazinduliwa Jumamosi, mbele ya mabalozi, na kwamba Mheshimiwa mwenyewe atasoma kurasa kadhaa kwa sauti yake. Kosa lisionekane hata moja. Mama Nukta alimwitikia kwa adabu zote, kisha Bwana Tai alipogeuka akamtazama mgongoni kwa jicho ambalo lingeweza kuchubua rangi ya mlango.

Kazi ya prufu hufanywa na watu wawili. Katika chumba kidogo chenye meza moja na dirisha lisilofunguka, Mzee Sauti alisoma mswada kwa sauti, neno kwa neno, pamoja na alama zake zote: mkato, nukta, aya mpya, herufi kubwa. Mama Nukta alifuata kwenye karatasi zilizopangwa chapa, rula mkono wa kushoto, kalamu nyekundu mkono wa kulia, na neno lisilolingana na sauti ya mzee alilisahihisha pembeni. Sheria yao ilikuwa moja, nayo ilibandikwa ukutani tangu enzi za mkurugenzi wa kwanza: Fuata mswada. Mwandishi akisema jua linachomoza magharibi, msahihishaji huangalia tu kama magharibi imeandikwa vizuri.

Sura ya tano iliitwa "Dunia Yamtambua." Ilikuwa na kurasa mia moja na arobaini, nusu yake picha za Mgeni Rasmi akishikana mikono na watu. Chini ya kila picha imeandikwa "akiwa na rafiki wa kudumu wa taifa letu," na Mama Nukta, ambaye alisoma magazeti kila siku, alihesabu marafiki wa kudumu sita waliokuwa wamepinduliwa kabla picha haijakauka. Mmoja alipinduliwa na mtu aliyekuwa amesimama nyuma yake kwenye picha hiyo hiyo, anacheka.

Mzee Sauti alisoma bila kubadili sauti, maana naye alikuwa fundi. Alisoma jinsi Mheshimiwa alivyotia saini mkataba wa usafiri wa baharini na nchi ambayo haina bahari. Alisoma jinsi alivyopatanisha pande mbili zilizokuwa zikipigana, na hapo wote wawili walikumbuka kwamba pande hizo ziliingia mkutanoni zikiwa mbili zikatoka zikiwa tatu. Alisoma kuhusu kura maarufu katika baraza la mataifa, ambapo ujumbe wetu ulipiga ndiyo asubuhi, ukapiga hapana mchana, na jioni ukaomba swali lirudiwe. Kitabu kiliuita huo "msimamo wenye mizania." Mama Nukta aliweka rula chini akasema kwamba hata kuku akivuka barabara namna ile, dereva humtukana.

Dharau yake haikuwa ya jana. Watu wengine walimcheka Mgeni Rasmi kwa kujifurahisha tu, lakini yeye alikuwa na deni lake la moyoni, nalo lilikuwa mpakani.

Binti yake, mwanawe wa pekee, aliolewa ng'ambo ya mto, katika nchi jirani, safari ya siku moja. Zamani hilo halikuwa jambo. Mtu alionyesha kitambulisho darajani, akavuka, akala chakula cha mchana kwa mkwe, akarudi. Kisha miaka minne iliyopita Mgeni Rasmi alimwalika mkuu wa nchi jirani kwenye karamu, na aliposimama kumkaribisha, huku ameshiba na kamera zinamwangalia, akamshika bega akamwita "huyu mdogo wangu."

Mdogo wake gani? Yule jirani alikuwa amemzidi miaka sita, na mvi zake zilionekana hadi nyuma ya ukumbi. Mtu mwingine yeyote, hata mlevi, angegundua kwamba ameteleza, angecheka, angempa mkubwa wake shikamoo, na mambo yangeishia pale. Mgeni Rasmi hakuona kitu. Jirani aliondoka kabla ya matunda. Kesho yake magazeti ya kwao yakauliza tangu lini nchi yao imekuwa mdogo wa mtu, na Mgeni Rasmi, badala ya kupiga simu, akafunga mpaka kwa wiki mbili ili wajifunze adabu.

Wiki mbili hizo zilikuwa na miaka minne sasa. Washauri walimsihi. Walimwambia kwamba katika mkutano wowote, kwenye ngazi, kwenye lifti, akitamka shikamoo moja tu, mtu mzima yule ataitika marahaba na daraja litafunguka siku hiyo hiyo. Mara tatu walikutanishwa kwa hila, na mara tatu Mgeni Rasmi alitoa mkono akasema "habari yako." Huo, Mama Nukta alipenda kusema, ndio muhtasari wa sera yetu ya nje: mtu mzima aliyeshindwa kuamkia.

Kwa ajili ya hilo, mjukuu wake wa kwanza alizaliwa bila bibi. Binti alijifungua kwa shida, akalala hospitali majuma matatu, na Mama Nukta aliyapata yote hayo kwa simu, amesimama jikoni, hana la kufanya. Sasa binti alikuwa na mimba ya pili. Madaktari walikuwa wameshaamua kumpasua, na kila alipopiga simu aliuliza jambo moja, kwamba safari hii mama atakuja? Kulikuwa na njia moja tu, kibali maalumu cha kuvuka, ambacho wizara ya mambo ya nje hutoa kwa mwenye mgonjwa au msiba. Mama Nukta alikuwa ameomba miezi mitatu iliyopita. Kila alipokwenda aliambiwa faili limepanda juu, na akirudi aliambiwa bado halijashuka.

Kwa hiyo siku ya Jumatano, Mzee Sauti aliposoma ukurasa wa themanini na nne, "Katika kudumisha ujirani mwema, mkato, Mheshimiwa alifungua mpaka, nukta," Mama Nukta aliinua kichwa akamwomba arudie. Mzee alirudia. Kwenye mswada iliandikwa hivyo hivyo, kwa herufi safi za wizara.

Bwana Tai alikuwa chumba cha pili akinywa chai ya mkurugenzi. Mama Nukta alimfuata, akamwonyesha, akamuuliza kwa upole kama pengine mchapaji wa wizara aliteleza. Bwana Tai hakuona haya. Alieleza kwamba mwezi uliopita Mheshimiwa alikata utepe wa jengo jipya la forodha kule darajani, lenye vioo na bendera, na kwamba hatua hiyo kisera ni sawa na kufungua.

"Kwa hiyo watu wanapita?" Mama Nukta aliuliza.

"Mama, usichanganye mambo. Umefunguliwa kisera. Kupita ni suala la utekelezaji."

Kwa hasira Mama Nukta angeweza kumvua tai yake akamfunga nayo mdomo, lakini aliona pia kwamba mtu huyu aliyesimama mbele yake na kikombe mkononi ndiye anayekaa karibu na lile faili lisiloshuka. Akabadilisha sauti. Akamweleza habari za binti, za upasuaji, za miezi mitatu. Na Bwana Tai, kwa kweli, alisikiliza, akaandika jina lake kwenye kidaftari, akasema kwamba kitabu kikitoka safi, bila doa, Jumatatu aende ofisini kwake mwenyewe, kibali atakikuta mezani. Mama Nukta alirudi chumbani kwake akiwa na furaha na aibu kwa pamoja, na hakujua lipi amwambie Mzee Sauti kwanza.

Prufu ya mwisho ililetwa Alhamisi mchana. Mpangaji chapa, ambaye walimwita Kidole kwa wepesi wake, alikuwa ameingiza masahihisho yote kwa haraka, na mtu akifanya haraka hurekebisha hapa akaharibu pale. Wakaanza tena mwanzo. Mzee akasoma, rula ikashuka mstari kwa mstari, hadi ukurasa wa themanini na nne.

"Mheshimiwa alifungua mpaka, nukta," alisoma Mzee Sauti.

Kalamu ya Mama Nukta ilisimama. Kwenye karatasi yake, mbele ya macho yake, Kidole alikuwa amedondosha herufi moja. Iliandikwa: Mheshimiwa alifunga mpaka.

Katika kurasa mia tatu na kumi za kitabu kile, ile ndiyo sentensi pekee iliyokuwa ya kweli, na ilikuwa imeingia kwa bahati mbaya. Mzee Sauti aliona rula haishuki, akainuka, akaja kuchungulia juu ya bega lake. Aliposoma, mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko alichokizuia.

"Iache, dada," alisema. "Si sisi tuliofanya. Nakala elfu ishirini, na yeye mwenyewe ataisoma mbele ya mabalozi. Unajua anavyosoma. Hata ukimwandikia mimi ni mwizi, atasoma na kungoja makofi."

Ilikuwa kweli tupu, na Mama Nukta alionja utamu wake. Aliona ukumbi, aliona Mgeni Rasmi amevaa miwani, anajipiga kifua, anatangaza kwa sauti nzito kwamba alifunga mpaka. Miaka minne ya simu za jikoni ingelipwa kwa pumzi moja. Halafu aliona kidaftari cha Bwana Tai na jina lake ndani yake. Aliona kitanda cha hospitali.

"Sisi tunafuata mswada," alisema.

Akaweka alama nyekundu kati ya g na a, akachora mstari hadi pembeni, na pale pembeni akaandika u. Ilikuwa u nzuri, ya mtu mwenye mkono uliotulia. Mwisho wa sura akatia saini yake na maneno "sawa, chapa," kama alivyofanya kwa miaka ishirini na tisa. Mzee Sauti alirudi kwenye kiti chake akaendelea kusoma, mkato na nukta zake zote mahali pake.

Jumamosi kiwanda kizima kilisikiliza uzinduzi redioni. Mgeni Rasmi alisoma sura ya tano kama mtu anayesoma wasifu wa marehemu aliyempenda sana. Alipofika ukurasa wa themanini na nne alisema, kwa nguvu, kwamba katika kudumisha ujirani mwema alifungua mpaka, na makofi yakapigwa hadi spika ikakoroma. Mtangazaji alilirudia jambo hilo katika taarifa ya saa saba, na ya saa kumi, na ya saa mbili. Mama Nukta alimdharau Mgeni Rasmi kila mara, lakini safari hii dharau yenyewe ilikuwa na uchachu, kwa kuwa neno lile lilikuwa na mkono wake. Akajiambia kwamba ni herufi tu, na kwamba Jumatatu si mbali.

Jumatatu alifika wizarani kabla ya wafagiaji kumaliza. Bwana Tai alimkaribisha kiti, akampongeza kwa kitabu, akasema Mheshimiwa amefurahi sana. Kisha akampa bahasha. Ndani yake hakukuwa na kibali. Kulikuwa na barua fupi yenye muhuri, inayosema kwamba kufuatia kufunguliwa kwa mpaka, vibali maalumu vya kuvuka vimefutwa kuanzia siku ya uzinduzi, na maombi yote yaliyokuwa yakisubiri yamefungwa.

Alisoma mara mbili, kama kazi yake ilivyomzoesha. Hakukuwa na kosa hata moja la uandishi.

"Sasa Mama huhitaji kibali," alisema Bwana Tai, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetenda wema. "Wewe nenda tu."

Mama Nukta aliuliza kama askari wa darajani wamepewa habari. Bwana Tai alisema askari wako chini ya ulinzi, na ulinzi ni wizara nyingine, lakini bila shaka nao wanasikiliza redio. Alisema ikiwa anataka, anaweza kumpa nakala ya kitabu aende nayo. Mama Nukta aliinuka akatoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu yeyote, hata mkata tiketi.

Alisafiri Jumanne kutwa, na barua kwenye mkoba, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kufanya na pia kwa sababu ndani yake kulikuwa na mjinga mdogo aliyeanza kuiamini ile redio. Jumatano asubuhi alifika darajani. Jengo la forodha lilikuwa pale, na vioo vyake na bendera yake, na viti vya ndani bado vimevikwa nailoni. Nyuma ya jengo kulikuwa na lango la chuma, na kwenye lango mnyororo, na kwenye mnyororo kufuli. Majani yalikuwa yameota kati ya mbao za daraja.

Askari wa zamu alimwamkia vizuri. Aliichukua barua kwa mikono miwili akaisoma polepole hadi kwenye muhuri, akairudisha kwa mikono miwili vilevile.

"Mama, barua ni nzuri," alisema. "Lakini mimi sikupewa barua. Mimi nimepewa kufuli."

Hakusema kwa ubaya. Alimletea kiti. Mama Nukta hakukaa. Ng'ambo, kwenye mwisho wa daraja, mbali mno kuweza kuona kufuli, mwanamume alikuwa amesimama amebeba mtoto mabegani, na kwa namna alivyokuwa akipunga mkono alimtambua mkwe wake. Mtoto naye alipunga, kwa kuwa baba yake alipunga. Hakujua anampungia nani.

Simu ikaita. Ilikuwa binti, na sauti yake ilikuwa chini, ya mtu aliyelala chali. Alisema wameshamwandaa, wanamwingiza chumba cha upasuaji saa tano. Alisema alimtuma mume wake darajani tangu Jumapili, kila siku, tangu waliposikia redioni kwamba kumefunguliwa, na kila siku alirudi peke yake. Mwanzo yeye binti alidhani mama hajapata ruhusa kazini. Jana alilia. Alisema hakasiriki, anataka tu kujua.

"Mama, njia iko wazi siku ya nne leo. Mbona hukuja?"

Mama Nukta alikuwa ameshika chuma cha lango. Alikuwa na maneno mengi ya kumtukana Mgeni Rasmi, ya miaka kumi, yamekaa tayari mdomoni kama kawaida. Aliyapitia moja moja, akayaacha.

"Haiko wazi, mwanangu," alisema. "Nimesimama langoni sasa hivi, kuna kufuli. Ni kitabu tu kinasema hivyo."

"Lakini wamesoma, Mama. Tumesikia kwa masikio yetu. Nani aliandika kitu kama hicho?"

Kule ng'ambo mkwe wake alimshusha mtoto chini. Askari alikuwa amegeuka upande, anaangalia mto, ili asionekane anasikiliza.

"Neno hilo lilikuja kwangu likiwa sahihi," alisema Mama Nukta. "Nikalisahihisha."